Vyanzo Visivyojulikana

Kisanduku chenyewe ni kidogo kuliko kipande cha sabuni ya mche,
lakini kimetukesha tangu saa mbili:
mimi, mama, na simu niliyoiegemeza kwenye jiwe nje ya dirisha,
maana hapa Bugarika mtandao haukufuati nyumbani,
unaufuata wewe, unaupandia mwamba kama mbuzi.

Kwanza kiliuliza lugha. Nikashuka na mshale,
nikazipita za watu wa dunia nzima, Kiswahili sikukiona.
Kikauliza mji. Nikaandika Mwanza kwa rimoti,
kila herufi safari yake, kwenda na kurudi,
kikajibu: mawingu, nyuzi ishirini na nne.
Mama akachungulia nje.
"Hapo hakikukosea."

Kisha kikagoma. Programu hii, kikasema,
inatoka kwenye chanzo kisichojulikana. Unaruhusu?
"Kiambie kikaulize kivukoni Kamanga," mama akasema.
"Miaka ishirini na sita nimekata tiketi pale,
nani asiyenijua?"
Nikabonyeza Ruhusu.

Asilimia thelathini. Thelathini na moja.
Kwa jirani dagaa wakakaangwa, wakaliwa, sufuria ikaoshwa.
Umeme ukakatika kwenye tisini na nne.
Tulikaa gizani bila kutukana mtu.
Uliporudi, tukaanza moja.

Diski ya baba nimeifunga kwa mpira wa kiroba.
Humo mna kanda zote za duka lake la Makoroboi,
harusi, vipaimara, mahafali ya chekechea, misiba,
nilizozihamisha mwaka aliotutoka, moja moja,
nikishindana na ukungu.
Nikakiambia kisanduku: hii ndiyo maktaba. Ipange.
Kikazunguka, kikazunguka, kikarudi na mabango ya rangi.

Harusi ya Masalu na Leokadia, Igoma,
kimeiita sinema ya majambazi wa treni:
mzungu, bastola, nyota tatu na nusu.
Kipaimara cha Nyakahoja kimekuwa katuni ya pengwini.
Na mazishi ya mzee Bituro kule Ukerewe,
kimeandika, ni vichekesho
kwa familia nzima.

Mama alicheka mpaka akajishika ubavu.
Halafu akaacha.
"Kwa hiyo kisichomjua mtu
kinampa jina la mwingine?"
"Kinabahatisha, mama."
"Futa hayo mabango."

Nikaingia kwenye mipangilio, na ndani ya mipangilio mingine,
hadi penye mstari mmoja wa maandishi madogo:
usitafute taarifa nje, tumia zilizopo.
Zilizopo ni mwandiko wa baba juu ya makasha ya kanda,
kalamu ya bluu, herufi zinazoegemea kama watu waliochoka.
Mama akisoma, mimi nikibonyeza,
hadi saa saba usiku.

Mwongozaji: Luhende.
Mpiga picha: Luhende.
Washiriki.
Hapo nikasita.
Saa mia nne za picha, na hayumo hata kwenye moja,
wala kivuli, wala kiwiko.
Mshika kamera hali keki, ndivyo alivyokuwa akisema,
na kweli alirudi nyumbani usiku
akiulizia ugali.

"Weka ile ya Igoma," mama akasema.

Ikawaka. Vumbi, matarumbeta,
Leokadia akikunja uso kwa jua,
watoto wakipita mbele ya kioo wakitoa ulimi,
na nyuma ya yote, karibu kuliko yote,
kikohozi kile kikavu,
kisha sauti:
"Mama, sogea kulia kidogo.
Kidogo tena.
Hapohapo."

Mama, kwenye kigoda, peke yake,
akasogea kulia.